Tunajuaje Kama Uonevu Umepungua? Hotuba kwa Walimu Wakuu na Wazazi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu na wakuu wa shule, wajumbe wa bodi na kamati za shule, wazazi wenzangu, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie ufanisi wa programu za kuzuia uonevu shuleni, na kabla ya kulitii ombi hilo naona ni haki mjue anayezungumza nanyi ni nani. Nilikuwa mwalimu wa nidhamu kwa miaka mingi katika shule ya sekondari ya bweni, na niliwahi kuendesha huko kampeni ya kupinga uonevu ambayo kwa macho ilipendeza sana. Tulichora mabango tukayabandika kila darasa, kwaya ya shule ikatunga wimbo, mgeni rasmi akaja, wanafunzi wakaapa wakiwa wameinua mkono wa kulia, na mchana wote tukala wali kwa nyama. Mwisho wa muhula niliandika taarifa kwamba uonevu umepungua kwa kiasi kikubwa. Nikiulizwa leo nilijuaje, sina la kujibu. Sikuwa nimehesabu chochote kabla ya sherehe ile wala baada yake. Nilichokuwa nacho ni kwamba hakuna mtoto aliyekuja ofisini kwangu kulalamika, na mtoto wa kidato cha kwanza haendi kulalamika kwa mwalimu ambaye mlangoni mwake amesimama kiranja aliyemchapa jana usiku.

Basi swali la leo nalichukua kama deni langu mwenyewe. Je, programu hizi zinafanya kazi? Na anayesema zinafanya kazi, amejuaje?

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Wanafunzi wawili wa nguvu sawa wakishikana mashati tunasema wanapigana. Hakuna anayesema wanaoneana. Kuonea kunamtaka mmoja awe na nguvu na mwingine awe mnyonge, ama kwa umri, ama kwa mwili, ama kwa cheo, ama kwa wingi wa marafiki. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi yake kubwa huko Bergen, Norway, aliufafanua uonevu wa shuleni kwa mambo matatu: kwamba unafanywa kwa kusudi, kwamba unarudiwarudiwa, na kwamba nguvu za pande mbili hazilingani. Hilo la tatu nawaomba mlishike, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye mabweni yetu.

Mwishoni mwa mwaka 1982 vijana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na ilionekana kwamba uonevu wa wanafunzi wenzao ulikuwa umewafikisha hapo. Nchi ilitikisika, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya kitaifa katika shule zote. Olweus akazifuatilia shule 42 za Bergen zenye wanafunzi wapatao 2,500, akiwahoji kwa dodoso lisilo na majina kabla ya kazi kuanza, kisha baada ya miezi 8, na tena baada ya miezi 20. Uonevu ulikuwa umepungua kwa nusu au zaidi. Matokeo hayo yalienea duniani, na mpaka leo mtu akitaka kuuza programu ya kuzuia uonevu hukosi kumsikia akiitaja ile nusu ya Bergen.

Lakini kampeni ile ile, katika nchi ile ile, ilipimwa pia katika mkoa wa Rogaland na mtafiti mwingine, Erling Roland, baada ya miaka mitatu. Huko uonevu haukupungua, na kwa wavulana uliongezeka kidogo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko ile nusu ya Bergen. Serikali ilikuwa moja na vifaa vya kufundishia vilitoka katika kampeni moja. Tofauti ambayo watu wengi wameiona ni kwamba shule za Bergen zilikuwa na watafiti waliorudi mara kwa mara, wakawaonyesha walimu takwimu za shule yao wenyewe na kukaa nao kupanga la kufanya, ilhali kwingine vifaa vilipokelewa na shule zikaachwa zijiendeshe. Wale miongoni mwetu ambao makabati ya ofisi zao yamejaa miongozo iliyopokelewa kwa sahihi na haijafunguliwa watanielewa bila maelezo zaidi.

Tangu wakati huo programu zimekuwa nyingi, na kwa bahati nzuri wapo waliokaa wakazijumlisha. Maria Ttofi na David Farrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya tathmini 44 mwaka 2011, wakakuta kwamba kwa wastani programu hizo ziliwapunguza wanaoonea wenzao kwa asilimia 20 hadi 23 na wanaoonewa kwa asilimia 17 hadi 20. Kazi hiyo iliporudiwa miaka michache baadaye kwa tathmini 100, namba hazikusogea mbali: asilimia 19 hadi 20 kwa upande wa kuonea, na 15 hadi 16 kwa upande wa kuonewa. Kwa lugha ya darasani, katika kila watoto 10 waliokuwa wakionewa, programu ya kawaida iliyosimamiwa vizuri inawaokoa wawili hivi, na wanane wanabaki walipokuwa.

Wapo watakaoona hicho ni kidogo. Mimi sioni hivyo. Utafiti uliokusanywa na UNESCO na kutolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia, na kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara idadi ilikaribia nusu. Sehemu ya tano ya umati wa namna hiyo ni watoto wengi mno. Ninachokataa ni neno “kutokomeza”, ambalo limekuwa kama chumvi katika mipango yetu: tutatokomeza hiki, tutatokomeza kile, ifikapo mwaka fulani. Hakuna programu yoyote niijuayo iliyopimwa kwa uaminifu ikatokomeza uonevu, na mwalimu aliyeahidiwa kutokomeza, akiona umepungua kwa sehemu ya tano tu, huona kwamba amedanganywa na huacha kabisa kazi iliyokuwa ikimfaa.

Programu iliyopimwa kwa makini kuliko nyingi ni ile ya Finland iitwayo KiVa, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli kwa fedha za wizara ya elimu ya nchi hiyo. Kati ya mwaka 2007 na 2009 ilijaribiwa katika shule 234 zenye wanafunzi wapatao 30,000, nyingine zikipewa programu na nyingine zikingoja zamu ili zilinganishwe. Msingi wake ni jambo ambalo Salmivalli na wenzake walikuwa wamelionyesha tangu mwaka 1996, kwamba mwonevu na anayeonewa si watu wawili waliojitenga. Wapo wasaidizi wanaomshika mikono mnyonge, wapo wanaocheka na kushangilia, wapo wanaogeuza uso na kupita, na wapo wachache wanaomtetea. Mwonevu anatafuta cheo mbele ya hadhira hiyo, na hadhira ikimnyima cheo biashara yake inakosa faida.

Watafiti wa Toronto, Kanada, walikwisha kuliona hilo kwa macho, kwa kuweka kamera na vinasa sauti katika viwanja vya shule za msingi. Uonevu karibu wote ulitokea mbele ya watoto wengine. Watoto hao waliingilia kati kwa nadra, lakini mmoja alipoingilia, katika zaidi ya nusu ya matukio uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10, ndugu zangu, ni muda mfupi kuliko ule ambao mwalimu wa zamu anatumia kuweka kikombe cha chai mezani na kusimama.

Kwa hiyo KiVa inalifundisha darasa zima, kwa masomo ya mwaka mzima, namna ya kuwa upande wa mnyonge bila kujitia hatarini. Lakini haiishii hapo, na hili nalisisitiza kwa sababu wengi huiga masomo na kuacha nusu ya pili. Kila shule ina timu ya watu wazima, kwa kawaida watatu, ambayo kazi yake ni kuyashughulikia matukio yenyewe: kukaa na anayeonewa, kukaa na wanaomwonea mmoja mmoja, kuwaita wanafunzi wawili watatu wanaoheshimika darasani na kuwaomba wawe karibu naye, kisha kukutana tena na wahusika wote baada ya siku kadhaa kuhakikisha kwamba makubaliano yamefuatwa. Walimu wa zamu wakati wa mapumziko huvaa fulana za rangi kali ili mtoto aliye mbali ajue mtu mzima yuko wapi. Hakuna kitu cha ajabu hapo, na hiyo fulana haina gharama inayozidi ya bango.

Matokeo ya majaribio yale yalikaribia wastani niliokwisha kuutaja, na programu ilipopelekwa katika nchi nzima kuanzia mwaka 2009 yalipungua kiasi, kama inavyotarajiwa jambo likitoka mikononi mwa waliolianzisha. Ilipopelekwa Uholanzi lilitokea jambo ambalo kila mwandishi wa taarifa ya mwisho wa mradi angepaswa kulitafakari. Katika shule zilizopewa programu, wanafunzi waliosema wanaonewa walishuka kutoka asilimia 29 hadi 13.5. Ukisimama hapo utapiga vigelegele kwamba umepunguza uonevu kwa zaidi ya nusu. Lakini shule za ulinganisho, ambazo hazikupewa kitu, nazo zilishuka kutoka 29 hadi karibu 18, kwa sababu watoto hukua, na kadiri wanavyopanda madarasa ya shule ya msingi wanaosema wanaonewa hupungua wenyewe. Sifa ya kweli ya programu ni ile tofauti kati ya namba mbili za mwisho. Bila shule ya ulinganisho, mradi ungejisifia kazi iliyofanywa na umri.

Nije sasa kwenye mambo mawili ambayo wauzaji wa programu hawapendi kuyataja.

La kwanza ni umri. Programu nyingi huwafaa watoto wa shule ya msingi, na nguvu yake hufifia wanapoingia ujana. KiVa yenyewe ilifanya vizuri zaidi kwa watoto wa darasa la nne kuliko kwa wa sekondari ya chini, na uchambuzi uliofanywa na David Yeager na wenzake mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuanzia darasa la nane la Marekani, yaani umri wa miaka 13 au 14, programu kwa wastani hazikuwa na faida. Kijana wa umri huo anauthamini utu uzima kuliko kitu chochote, na ukimsimamisha mstarini na kumhubiria kama mtoto mdogo, unampa sababu ya kufanya kinyume. Umri huo ndio ambao sisi tunamfungashia mtoto tranka, godoro na ndoo na kumpeleka kidato cha kwanza cha bweni. Tunaanza pale ambapo dawa za wenzetu zinaishiwa nguvu.

La pili linahusu yule anayebaki. Watafiti wa Finland na Uholanzi wamekuta kwamba katika madarasa ambamo uonevu umepungua sana, mtoto anayeendelea kuonewa huwa na hali mbaya zaidi moyoni kuliko anayeonewa mahali ambapo wengi wanaonewa. Inashangaza mwanzoni, lakini ukimweka mwanao mahali pake utaelewa. Wenzake walipokuwa wakionewa naye, aliweza kujiambia kwamba shule ndivyo ilivyo. Sasa wamepona, amebaki peke yake, na swali linalomrudia kila usiku ni kwamba yeye ana kasoro gani. Tena hana hata wa kulia naye. Kwa sababu hiyo shule inayofanikiwa ina kazi kubwa zaidi ya kuwatafuta wachache waliobaki, jina kwa jina, badala ya kujipongeza kwa wastani mzuri.

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kurudi kwenye mabweni yetu.

Sisi ni watu tunaosema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa kidato cha kwanza tunamwita njuka, na jirani zetu wa Kenya wanamwita mono, na katika pande zote mbili kuna wenyeji wanaopona kwa kumla. Mimi niliambiwa niupime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti. Niliambiwa niizime taa ya umeme iliyoko darini kwa kuipuliza. Nilifua nguo za kaka wawili wa kidato cha nne kwa muhula mzima, na sukari na karanga za mama yangu zilikwisha kabla sijazionja. Nikiyasimulia haya watu wa rika langu hucheka, kisha huongeza kwamba sote tulipita humo na tukawa watu. Huenda. Ila waliotoroka shule wiki ya tatu wakabaki kijijini hawakualikwa ukumbini leo, kwa hiyo hesabu yetu ya waliokuwa watu ina walakini.

Hoja yangu kubwa iko hapa. Programu za Norway na Finland zinachukulia kwamba nguvu ya mwonevu inatokana na wanafunzi wenzake, na kwamba shule iko upande wa mnyonge. Katika mabweni mengi yetu nguvu hiyo tumeitoa sisi, tukaiita ukiranja. Tumempa kijana wa miaka 17 funguo, daftari la majina na, kwa kufumba macho, fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania zinampa mamlaka ya kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visivyozidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hatajwi. Kenya ilikwisha kuiondoa adhabu hiyo mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inamkataza yeyote kumwadhibu mwanafunzi kwa kipigo au kumnyanyasa kiakili. Hata hivyo mnajua, nami ninajua, nani anashika fimbo baada ya taa kuzimwa. Mwezi Mei mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana huko Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao wakawachoma moto, wakafa. Hakuna kinachohalalisha unyama ule. Lakini mfumo unaomfanya mtoto mmoja kuwa askari wa mwenzake unawaweka wote wawili hatarini, na baadaye Kenya ilianza kuelekea kwenye mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura.

Kwa mazingira kama haya mfano ulio karibu nasi unatoka Luwero, Uganda. Shirika la Raising Voices lilitengeneza programu iitwayo Good School Toolkit, ikajaribiwa katika shule 42 za msingi, nusu zikiipokea kwa miezi 18 na nusu zikingoja. Haikuanza na wanafunzi watukutu. Ilianza na walimu wenyewe, adhabu wanazotoa, na namna shule nzima inavyoendeshwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika shule za programu wanafunzi 31 kati ya 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita, na katika shule nyingine 49 kati ya 100. Ni punguzo ambalo wenye shule tajiri za Ulaya wangelionea wivu, na pia ni ukumbusho kwamba hata baada ya kazi nzuri namna hiyo karibu theluthi ya watoto bado walipigwa wiki ile. Sidai kwamba mwalimu akiweka fimbo chini uonevu wa wanafunzi utakoma siku ya pili yake. Nadai kwamba somo la kutomwonea mnyonge, likifundishwa na mtu mwenye fimbo mkononi, linasikika kama mzaha.

Uonevu wa kwenye simu sitauzungumza kwa kirefu. Shule nyingi za bweni zinazuia simu, na picha ya kumdhalilisha mtoto husambazwa wakati wa likizo na watu wale wale waliomwonea bwenini. Ukiwajua wa bwenini umewajua wa kwenye simu.

Baada ya ile kampeni yangu ya mabango niliyowasimulia, mwalimu mwenzangu, dada mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa akili, alinishauri tuwaulize wanafunzi kwa karatasi. Tuliandika maswali machache, bila majina, kila mmoja akajibu akiwa ametengana na mwenzake, na viranja wakajibu katika chumba kingine. Nilitarajia kusoma habari za bweni na vyoo. Karatasi zilitaja bomba la maji. Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, maji yakiwa machache na foleni ndefu, wakubwa walikuwa wakiwapokonya wadogo ndoo zilizojaa, na hapakuwa na mwalimu hata mmoja kwa sababu zamu yetu ilianza wakati wa mstarini. Tulihamisha zamu, mwalimu akasimama bombani. Tulipouliza tena muhula uliofuata, bomba lilikuwa limepungua katika majibu, lakini idadi ya waliosema wamemweleza mtu mzima ilikuwa imepanda, na mkuu wetu wa wakati huo aliona aibu, akadhani shule imeharibika. Nawatahadharisha kuhusu aibu hiyo. Mwaka wa kwanza wa kazi ya kweli malalamiko huongezeka, kwa sababu watoto wameanza kuamini kwamba kusema kuna faida, na mkuu anayeadhibiwa na wakubwa wake kwa ongezeko hilo atajifunza haraka kulificha.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kabla shule haijapokea programu yoyote, iwe ya shirika, ya wizara au ya kwaya, iwaulize wanafunzi wake mambo matano: tangu shule ifunguliwe umeonewa mara ngapi, ilitokea wapi na saa ngapi, nani walikuwepo wakaona, ulimwambia nani, na baada ya kumwambia kulitokea nini. Olweus alimhesabu kuwa ameonewa yule anayesema mara mbili au tatu kwa mwezi au zaidi, na kipimo hicho kinatutosha. Karatasi zihesabiwe na walimu wawili na mzazi mmoja wa kamati, namba zibandikwe ofisini, na maswali yale yale yaulizwe tena baada ya miezi sita. Shule mbili jirani zikikubaliana moja ianze na nyingine ingoje muhula mmoja, tutakuwa na ulinganisho wetu wenyewe. Palipo na dawati la ulinzi wa mtoto shuleni, kazi hii ni ya dawati. Pasipo na dawati, ni ya mwalimu wa malezi. Na mtoto anayeona hakuna mtu shuleni wa kumwambia, aijue namba 116, ambayo Tanzania na Kenya anaipiga bila malipo.

Nakala za maswali hayo nimeziacha mezani karibu na mlango, zimechapwa pande mbili ili kuokoa karatasi. Hazina nafasi ya kuandika jina. Wakuu wa shule za bweni nawaomba mchukue bahasha mbili, moja ya wanafunzi wote na nyingine ya viranja, na msizichanganye.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.